Sura ya Tano: Mti Mmoja, Rafu Sita

Kuuzunguka mji wa Njombe, hasa upande wa Kibena, miwati imetanda. Asili ya mti huu ni Australia, na gome lake hutoa tanini, dawa ya kutengenezea ngozi. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha Tanganyika Wattle Company, ambayo wenyeji wanaijua kwa jina la TANWAT, na tangu wakati huo mti wa kigeni umekuwa sehemu ya maisha ya watu: ajira ya kubambua magome, kuni za kuotea moto Juni na Julai, mkaa, nguzo za kujengea.

Sasa ingia katika maktaba inayopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uutafute mti huo. Kitabu cha kupanda na kuvuna miwati kiko 634.9, kwenye misitu. Kinachoeleza jinsi tanini inavyoigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kiatu kiko 675. Habari za kampuni na mitaji ya kikoloni ziko 338. Habari za vibarua ziko 331. Historia ya Njombe yenyewe iko 967.8, pamoja na historia nyingine za Tanzania. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 ikapita Makambako na kuzifungulia Nyanda za Juu Kusini njia ya kwenda pwani, iko 385. Mti mmoja, rafu sita.

Mwanafunzi wa misitu huja mezani: "Shikamoo, mama. Natafuta kitabu cha miwati." Anapewa namba, anaenda 634.9, anapata anachotaka, anaondoka. Mwanafunzi wa historia huenda 967.8 na yeye huondoka. Wanaweza kukaa katika ukumbi mmoja wa kusomea mwaka mzima, kila mmoja ameshika nusu ya swali la mwenzake, na wasijuane. Mtu pekee anayepita rafu zote sita kwa asubuhi moja ni yule anayesukuma toroli la vitabu vilivyorudishwa. Akifungua jalada la nyuma, mihuri ya tarehe inamwonyesha kwamba kitabu cha misitu kimeazimwa mara kwa mara, na kile cha ngozi hakijaguswa kwa miaka. Anajua kwamba vitabu hivi viwili vinazungumzia gome lilelile.

Sura hii inamhusu mtu huyo, mkutubi wa chuo, na inahusu hatua ambayo wakutubi wengi hawaichukui: kutoka kujua kwamba maarifa yametawanyika, hadi kukaa chini, kuyaunganisha na kuandika utafiti katika fani ambayo si yake. Nasema tangu mwanzo kwamba naiona hatua hiyo kuwa haki yake na kazi yake, na kwamba mikoa kama Njombe inapata hasara kila hatua hiyo inapozuiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Chicago. Don Swanson alisomea fizikia, kisha akaingia katika mambo ya maktaba na mwaka 1963 akawa mkuu wa shule ya ukutubi ya Chuo Kikuu cha Chicago. Hakuwa daktari. Lakini katika miaka ya 1980 alianza kusoma makala za tiba kwa jicho la mtu wa maktaba, na akagundua jambo ambalo madaktari walikuwa wamelipita.

Kuna ugonjwa unaoitwa Raynaud. Baridi ikimpiga mgonjwa, mishipa midogo ya vidole hujibana kupita kiasi, vidole vinageuka vyeupe kisha bluu, vinauma. Mtu aliyeamka alfajiri ya Julai pale Njombe, umande umeganda kwenye majani, hahitaji kuelezwa sana jinsi vidole vinavyokufa ganzi, na mgonjwa wa Raynaud hupata mateso makubwa kuliko hayo hata kwa baridi ndogo. Swanson alikuta kundi moja la makala likisema kwamba wagonjwa hawa mara nyingi damu yao ni nzito, chembe sahani zao hugandamana kwa urahisi, na mishipa yao hujibana. Mbali kabisa, katika majarida ya lishe na moyo, alikuta kundi jingine likisema kwamba mafuta ya samaki hupunguza uzito wa damu, hupunguza kugandamana kwa chembe sahani, na hulegeza mishipa. Waandishi wa kundi la kwanza hawakuwataja wa kundi la pili, na wa pili hawakuwataja wa kwanza. Hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba mafuta ya samaki yanaweza kumsaidia mgonjwa wa Raynaud.

Mwaka 1986 Swanson aliandika hivyo, katika jarida la biolojia na tiba. Alisema kuna maarifa yaliyo hadharani, yamechapishwa, yamelipiwa, yako rafuni, na bado hayajagunduliwa kwa sababu hakuna aliyesoma pande zote mbili. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio lililofanywa kwa wagonjwa: wale wenye aina ya msingi ya ugonjwa huo waliopewa mafuta ya samaki walistahimili baridi vizuri zaidi. Wakati huo Swanson alikuwa amekwisha kurudia kazi hiyo kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 1988 alionyesha njia 11 zinazounganisha kipandauso na upungufu wa magnesiamu, zote zimetapakaa katika makala ambazo hazikuwa zikisomana.

Ningependa msomaji atazame vizuri alichofanya na ambacho hakufanya. Hakumpa mgonjwa hata tone la mafuta. Hakudai kuwa amepata dawa. Alichotoa ni dhana iliyojengwa kwa uangalifu, yenye ushahidi wa kila kiungo, ambayo wenye ujuzi wa kuipima wangeweza kuipima. Baadaye alishirikiana kwa miaka mingi na mtafiti wa ubongo, Neil Smalheiser, wakatengeneza programu ya kompyuta ya kusaidia kutafuta viungo vya namna hiyo. Yaani alivuka uzio wa fani, lakini alibisha hodi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika kisa hiki wenyeji wa tiba walipona kweli.

Mkutubi kuvuka fani si jambo la juzi. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alipata habari kwamba huko Syene, Aswan ya leo, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote jua huangaza mpaka chini ya kisima. Alexandria siku hiyohiyo palikuwa na kivuli. Akapima pembe ya kivuli, akaikuta ni sehemu ya 50 ya duara, akauzidisha umbali wa miji hiyo kwa 50, akapata mzunguko wa dunia. Wenzake walimpachika jina la Beta, wakimaanisha kwamba ni wa pili katika kila fani. Dunia bado inamkumbuka kwa kipimo hicho.

Huku kwetu pia tunao walioandika nje ya fani zao, ila wengi walikuwa na cheo kilichowapa ujasiri. Kitabu maarufu cha kikoloni kuhusu Wabena wa bonde la Kilombero, kilichochapishwa mwaka 1935, kiliandikwa na A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya Mwingereza, pamoja na mkewe. Mwaka uliofuata lilianzishwa jarida la Tanganyika Notes and Records, na ndani yake mabwana shauri, wahandisi, madaktari na wamisionari waliandika juu ya mila, magofu, nyoka na nyota. Hakuna aliyewaambia wabaki kwenye kodi na madaraja. Mengi waliyoandika yana kasoro ya mtawala anayemtazama mtawaliwa, na lazima yasomwe hivyo. Lakini ni vigumu kueleza kwa nini uhuru waliojipa watu wale uwe mzito kupewa mkutubi mwenye shahada mbili anayefanya kazi leo katika chuo cha Tanzania.

Mfano mzuri zaidi kwangu ni J. W. T. Allen. Alikuwa mtu wa elimu na utawala, si msomi wa fasihi kwa asili ya ajira yake. Katika miaka ya 1960 alipita pwani akikusanya miswada ya Kiswahili, mingi kwa hati za Kiarabu, kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu kilichokuwa kichanga pale Dar es Salaam. Orodha aliyoiandaa ya miswada hiyo ilichapishwa mwaka 1970, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha tenzi alizozihariri. Angeweza kuishia kwenye orodha. Kwa kuwa alikuwa amezishika karatasi zile kwa mikono yake, akizilinganisha nakala kwa nakala na kuwauliza wazee waliozijua, aliendelea mpaka akawa mhariri anayetajwa na kila anayesoma tenzi. Kazi ya kuorodhesha ilimzalia kazi ya utafiti.

Turudi Njombe, maana hapa ndipo hoja yangu inapopata uzito.

Chukua vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1905 vita vilifika Ubena, nchi ya Wabena wa Njombe, na mwezi wa Septemba kituo cha misheni cha Yakobi kilishambuliwa. Mmisionari aliyekuwapo, Paul Gröschel, alikuja kuchapisha kitabu huko Berlin mwaka 1911, kwa Kijerumani, akieleza miaka yake kumi katika nchi hii. Hiyo ni ghala ya kwanza: vitabu, barua na ripoti za Misheni ya Berlin, iliyokuwa na vituo Kidugala, Lupembe, Ilembula na kwingineko. Ghala ya pili iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960, wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa wakiwa mbele, wanafunzi walitumwa vijijini kuwahoji wazee walioviona vita kwa macho yao au waliosimuliwa na wazazi. Ghala ya tatu ni familia zenyewe, kutoka Lupembe mpaka Wanging'ombe, zinazojua nani alikimbilia wapi na nani alisimama na nani.

Ghala hizi tatu zilikutana kwa sababu ya wachache waliojitoa. Seth Nyagava, mwanahistoria wa Wabena, aliuliza waziwazi swali ambalo wengine walilinong'ona: je, Wabena walikuwa wasaliti katika Maji Maji, au walikuwa na sababu zao zilizotokana na uhasama na miungano ya wakati ule? Mwanahistoria James Giblin, akishirikiana na Blandina Kaduma Giblin, alichapisha mwaka 2005 kitabu kizima kuhusu Njombe ya karne ya 20, akionyesha jinsi watu walivyoifanya familia kuwa kimbilio dhidi ya dola iliyowabagua. Miaka mitano baadaye Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu cha kuitazama upya Maji Maji. Ni kazi kubwa, na zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa sekondari pale Makambako hana njia rahisi ya kuzisoma, na mwalimu wake pia.

Au chukua manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mbali. Kwa miongo mingi wanaume wa Njombe walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na mtandao wake ukazifikia nyanda hizi. Anayetafuta historia ya Njombe kwenye 967.8 hatawaona wanaume hao vizuri. Wamo kwenye 633.5, mazao ya nyuzi, ndani ya ripoti za mkonge. Wamo kwenye 331, kazi na mishahara. Wamo pia kwenye daftari la kanisa, pale jina la baba linapoandikwa na pembeni kuwekwa kwamba yuko Tanga. Mkutubi ndiye aliyefundishwa kujua kwamba kitu kimoja kina majina mengi na makazi mengi. Mwanahistoria hujifunza hilo kwa taabu, baada ya miaka.

Jamie Monson ametupa somo jingine katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya TAZARA. Ili kujua watu wa kawaida waliitumiaje reli, alizisoma stakabadhi za vifurushi za stesheni. Karatasi ambazo mtu angezitupa zilimwonyesha nini kilisafirishwa, kutoka wapi, kwenda wapi. Makambako ni mji ulioshiba karatasi za namna hiyo, kwa kuwa umekaa pale reli inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na njia ya Njombe na Songea inapochepukia. Maghala ya mbao, mizani ya mahindi, wakala wa viazi, nyumba za wageni, vyama vya ushirika: kila mmoja ana daftari. Kuna madaftari yanayofungiwa vitumbua sasa hivi.

Kuna pia jambo gumu zaidi, la afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulikuta Njombe, mkoa uliokuwa ndiyo kwanza unaanza, ikiongoza nchini kwa maambukizi ya Virusi vya Ukimwi: karibu watu 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Tangu hapo watafiti wa tiba wameandika mengi kuihusu. Makala zao ziko kwenye majarida ya tiba. Historia ya wanaume kuondoka na kurudi, ya mashamba ya chai na miwati, ya kambi za wapasua mbao, ya wanawake waliobaki kulea na kulima, iko kwenye rafu nyingine kabisa, na kwa sehemu kubwa haimo katika makala hizo. Sisemi kwamba moja limesababisha jingine. Kusema hivyo bila kupima kungekuwa kosa lilelile ambalo Swanson alijihadhari nalo. Nasema kuna mtu anayeziona rafu zote mbili kila siku, na ana haki ya kuuliza.

Kinachomzuia ni nini? Kwanza ni maneno. "Kaa kwenye fani yako" ni sentensi inayosemwa kwa upole na kuumiza kwa muda mrefu. Katika vyuo vikuu vyetu vya umma mkutubi mwenye shahada za juu yuko katika ngazi za wanataaluma na anatakiwa kuandika ili apande cheo. Ni jambo jema. Lakini njia rahisi na salama kwake ni kuandika juu ya maktaba: wasomaji wangapi, kompyuta ngapi, wanafunzi wanatafutaje habari. Kazi hizo zinahitajika. Ezekiel Kaungamno na C. S. Ilomo walituachia mwaka 1979 kitabu cha juzuu mbili juu ya maktaba na ujenzi wa taifa ambacho hakuna wa kukidharau. Hata hivyo, kamati inayopokea andiko la mkutubi kuhusu miwati au manamba na kuuliza kwanza "hii inahusianaje na ukutubi?" imeanza na swali dogo. Swali kubwa ni kama andiko lina ushahidi na kama hoja yake inasimama.

Pili ni muda, na hapa sitazunguka. Katika vyuo vidogo vya kati vya mikoani, mara nyingi maktaba nzima ni ya mtu mmoja au wawili. Anafungua, anapiga mihuri, anatafuta kitabu kilichopotea, anawanyamazisha wanaopiga soga, anafunga. Kumwambia mtu huyo afanye utafiti bila kumpunguzia saa za mezani ni kumwongezea mzigo na kuuita heshima.

Tatu ni woga wake mwenyewe, ambao una sababu. Fani ina mbinu, na mbinu hazipatikani kwa kusoma majalada ya nyuma. Mkutubi akiingia kwenye historia bila kujifunza kumhoji mzee, ataandika porojo. Akigusa takwimu za afya bila mtaalamu wa takwimu, anaweza kuwatisha watu bure au kuwatuliza bure. Anatakiwa kusoma mbinu kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kutafuta mwenzake aliyekaa ndani ya fani, na kufuata taratibu za vibali na maadili ya utafiti kama mtafiti mwingine yeyote, hasa anapogusa watu na magonjwa yao.

Njia ya kuanza ipo, na haihitaji fedha za wafadhili. Ni kuandika katika daftari maswali ambayo wasomaji walikuja nayo na maktaba ikashindwa kuyajibu. Swali moja likirudi kwa watu wa fani tofauti, hapo pana pengo, na pengo hilo ndilo mada. Mwalimu anauliza kwa nini viazi vya Njombe vinaoza njiani, dereva anauliza hilohilo kwa maneno mengine, ofisa ugani naye. Vitabu vya kilimo vina sehemu ya jibu, vya usafirishaji vina sehemu, vya biashara vina sehemu. Mkutubi akiziweka sehemu hizo mezani pamoja, akaandika kurasa kumi kwa Kiswahili safi na kuwapa wataalamu wazipime, amefanya utafiti.

Wakuu wa vyuo vya Njombe, Makambako na kwingineko, mpeni mkutubi wenu nusu siku kwa wiki isiyo ya mezani, na mlihesabu andiko lake kwa ubora wake, bila kujali limeangukia rafu gani. Wakutubi, msingoje kuitwa. Na wewe msomaji, ukienda maktaba wiki ijayo usiishie kutaja jina la kitabu. Mweleze mkutubi swali lenyewe unalolihangaikia, kisha umpe nafasi akuulize na yeye.